Vidole Sita vya Mwoka Mikate wa Aljubarrota

Katika mji mdogo wa Aljubarrota, katikati ya Ureno, ipo sanamu ya mwanamke mwenye beleshi refu la mbao, lile ambalo waoka mikate hulitumia kuingizia donge la unga tanurini na kutolea mkate ukiisha kuiva. Hakushika upanga, hakupanda farasi, wala hana taji kichwani. Wareno humwita Padeira de Aljubarrota, yaani mwoka mikate wa Aljubarrota, na jina ambalo masimulizi yanampa ni Brites de Almeida. Ndiye aliyewaua Wakastilia saba, yaani watu wa Castilla, ufalme ambao leo ni sehemu ya Hispania, kwa beleshi lake siku ile ufalme wa Ureno ulipokuwa karibu kumezwa na jirani yake. Kadiri ninavyoirudia ngano hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tumezoea kuiuliza swali lisilo lake. Linaloulizwa kila mara ni kama Brites aliishi kweli. Ninaloliona mimi kuwa na uzito zaidi ni kwa nini waliomsimulia walilazimika kumpa vidole sita.

Masimulizi yanaanzia Faro, katika eneo la Algarve, kusini kabisa mwa Ureno, mnamo miaka ya katikati ya karne ya 14. Brites anazaliwa katika nyumba ya watu maskini, na tangu utotoni anakuwa mkubwa wa umbo, mwenye nguvu kuwapita wavulana, nywele za kusokotana, pua iliyopinda kama mdomo wa mwewe, kinywa kipana, na vidole sita katika kila mkono. Wasimulizi wanasema wazazi wake walipoviona vidole hivyo walifurahi, kwa kuwa walidhani wamejaliwa mtoto atakayefanya kazi kuliko wengine. Wazazi hao wanafariki angali kijana; anauza vitu vichache alivyorithi, anazunguka nchi na kujifunza kupigana kwa upanga na kwa fimbo. Askari mmoja anamposa, naye anamjibu kwamba ataolewa iwapo mwanamume huyo atamshinda katika pambano. Askari anakufa, na Brites anakimbia kwa mashua kuelekea Castilla ili asikamatwe. Baharini anatekwa na maharamia, anauzwa utumwani Afrika Kaskazini, anatoroka pamoja na watumwa wenzake wawili wa Kireno, anarudi nchini, anajificha ndani ya mavazi ya kiume na kufanya kazi ya kusafirisha mizigo kwa nyumbu. Mwishowe anachoka kutangatanga, anafika Aljubarrota, anashika kazi ya kuoka mikate na kuolewa na mkulima.

Kisha inafika tarehe 14 Agosti 1385. Mapigano yanapoanza Brites anaacha kazi yake na kujiunga na watu wake. Jioni, Wakastilia wakiwa wamevunjika na kutawanyika, anarudi nyumbani na kukuta mlango wa tanuri umefungwa, ilhali yeye hakuuacha hivyo. Anaufungua. Ndani wamejibana wanaume saba, wamenyamaza, wanajifanya wamelala. Anawaamuru watoke, nao hawatoki. Anachukua beleshi, anawachokoa, na kila anayetokeza kichwa anampiga mpaka anakufa. Zipo simulizi nyingine ambamo hawatoki kabisa, na tanuri linawashwa wakiwa humo humo. Baada ya hapo anawakusanya wanawake wenzake na kuingia nao mashambani kuwasaka waliokimbia.

Vita vyenyewe havina utata. Mfalme Fernando wa Ureno alifariki Oktoba 1383 bila ya mtoto wa kiume. Binti yake, Beatriz, alikuwa ameolewa miezi michache tu kabla ya hapo na Juan wa Kwanza, mfalme wa Castilla, akiwa na umri wa miaka kumi. Kwa ndoa hiyo ya mtoto, taji la Ureno lilikuwa njiani kuelekea nyumba ya Castilla. Wakuu wengi waliona hilo ni jambo la kisheria na wakalikubali. Wakazi wa Lisbon, mafundi, wachuuzi na mabaharia, hawakulikubali. Walisimama nyuma ya João, Mkuu wa Shirika la Avis, shirika la kidini la wapiganaji, ndugu wa marehemu mfalme kwa baba, aliyezaliwa nje ya ndoa. Aprili 1385, baraza lililokutana Coimbra lilimtangaza João kuwa mfalme. Miezi minne baadaye majeshi mawili yalikutana mahali panapoitwa leo São Jorge, kilomita kadhaa kaskazini mwa Aljubarrota.

Wareno wanakadiriwa kuwa watu 6,500 hivi, pamoja na wapiga mishale wa Kiingereza, na Wakastilia kuwapita mara kadhaa; makadirio mengi hufika 30,000. Kamanda wa João, Nuno Álvares Pereira, kijana wa miaka 25, alichagua mgongo mwembamba wa kilima wenye mabonde pande zote mbili, akachimbisha mahandaki na mashimo ambayo wanaakiolojia waliyafukua katika karne ya 20. Lilikuwa joto la Agosti, na wengi wa Wareno walikuwa wamefunga, kwa sababu siku hiyo ilikuwa mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Wakastilia walizunguka kilima wakashambulia kutoka upande wa kusini, jioni, wakiwa wamechoka kwa mwendo, wakabanwa katika ile njia nyembamba, na katika muda unaokaribia saa moja tu jeshi kubwa likavunjika. Mfalme Juan alikimbia usiku uleule hadi Santarém, akashuka mtoni kuelekea kwenye meli zake, akarudi kwao kwa bahari.

Tunayajua mengi ya haya kwa kuwa Fernão Lopes aliyaandika. Alikuwa mtunza kumbukumbu za ufalme tangu 1418 na akaandika tarehe, yaani historia, ya utawala wa João wa Kwanza watu waliozikumbuka vurugu zile wangali hai. Katika maelezo yake marefu ya vita hivyo hamna mwoka mikate, hamna tanuri, hamna beleshi. Wanahistoria wengi wameishia hapo, na kwa haki yao: jambo ambalo halikutajwa na mtu aliyekuwa karibu nalo kiasi hicho, kisha likaibuka karne mbili tatu baadaye na kuenea kwa vijitabu vya bei nafuu vilivyouzwa mitaani katika karne ya 18, ni ngano. Nami nakubaliana nao. Sidhani kwamba Brites de Almeida aliishi, na sitetei kwamba aliishi.

Lakini Lopes anastahili kusomwa tena hapa, kwa sababu hakuwa mwandishi wa kuwasahau watu wa chini. Pengine hakuna mwandishi wa tarehe wa zama zake, katika Ulaya nzima, aliyewasikiliza watu wa mitaani kama yeye. Castilla ilipoizingira Lisbon mwaka 1384, kwa miezi minne, yeye ndiye anayetuonyesha ngano ikiisha ghalani, watu wakitengeneza mkate kwa makapi ya zeituni na majani, wanaume na watoto wakikwangua udongo mahali palipokuwa pakiuzwa nafaka, na mtu akipata punje moja anaitia kinywani hapohapo. Yeye ndiye anayetuonyesha wasichana wa Lisbon wakiokota mawe katika mashamba ya mizabibu, karibu na mahali ambapo adui angeweza kuwafikia, wakiyabeba hadi kwenye ukuta uliokuwa ukijengwa, huku wakiimba kwa sauti kubwa kwamba hii ndiyo Lisbon yenye thamani, itazameni kisha iacheni. Hakuwataja kwa majina. Hakuwapa nguvu za ajabu wala maumbile ya kutisha. Walikuwa wengi, walikuwa wa kawaida, walibeba mawe na kuimba.

Hapo ndipo vidole sita vinaponisumbua. Tarehe inatupa wanawake wengi wasio na majina wenye vidole vitano; ngano inatupa mmoja mwenye jina na vidole sita. Katika safari kutoka kwa wale hadi kwa huyu kuna kitu kimepotea, na naamini kilipotezwa kwa sababu. Wasimulizi wa karne zilizofuata walikuwa na kumbukumbu kwamba wanawake walishiriki, na wakati huohuo waliishi katika jamii iliyoshikilia kwamba mwanamke hashiki silaha. Walipatanisha mambo hayo mawili kwa kumtoa Brites katika idadi ya wanawake. Walimpa mwili usio wa kawaida, sura isiyotamanika, mavazi ya kiume, mchumba aliyeuawa, utumwa na utoro. Baada ya maandalizi yote hayo msikilizaji anaweza kumwona akiua bila ya kushtuka, maana hajamwona jirani yake, wala mama yake, wala mke wake. Amemwona Brites, na Brites ni mmoja tu duniani. Kumfanya mtu wa ajabu kulikuwa njia ya heshima ya kuwasahau wenzake.

Hata wazazi katika simulizi wanaliona jambo hili vizuri kuliko wachambuzi. Wao walipohesabu vidole vya mtoto wao hawakufikiria vita, walifikiria kazi. Katika nyumba ya fukara vidole kumi na viwili ni mikono ya ziada ya kukanda unga. Nadhani hiki ndicho kipande cha ngano chenye ukweli mwingi zaidi, na ndicho kinachopitwa haraka zaidi na wanaoisimulia, kwa sababu wanakimbilia tanuri.

Basi na tulitazame hilo tanuri. Mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na tanuri la mkate wa mofa katika miji ya pwani yetu anajua joto lake linavyoupiga uso kabla ya mkono kufika, na anajua kwamba anayeokea hapo ana ngozi ya kiganja iliyokwisha kubadilika. Tanuri la kijiji cha Ulaya ya zama zile lilikuwa la namna nyingine, kuba la mawe na udongo ambamo kuni huwashwa ndani kwa saa nyingi, makaa yakakokolewa nje, sakafu ikapigwa kitambaa kibichi, ndipo mikate inapoingizwa kwa beleshi na mlango ukafungwa. Kazi hiyo inataka kuamka usiku, kubeba kuni, kunyanyua magunia, kusukuma na kuvuta mpini mrefu wenye uzito mwishoni mara mia kwa siku. Mwanamke aliyeifanya kwa miaka kumi hahitaji kidole cha sita ili aweze kumwangusha mtu aliyetoka ndani ya shimo kwa magoti, amechoka, amepoteza silaha zake. Anahitaji kile ambacho tayari anacho mkononi. Aliyebuni simulizi hii aliijua kazi ya tanuri, kwa sababu ameliweka beleshi mahali palepale ambapo mwokaji angelishika, mbele ya mdomo wa tanuri, likielekezwa ndani. Mwendo wa kuua katika ngano hii ni ule wa kutoa mikate.

Wanaume hao saba nao wanastahili neno moja, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoisimulia kwa vicheko. Hawakuwa wakishambulia. Walikuwa wamejificha. Historia nayo haituruhusu kujidai kwamba hili ni la ngano peke yake, kwa sababu usiku ule na siku zilizofuata Wakastilia wengi waliokimbia waliuawa na wakazi wa vijiji walimopita, na hata uwanjani, wapiganaji waliokwisha kutekwa waliuawa na waliowateka, kwa hofu kwamba shambulio jipya lingewakuta wakiwa na mateka wengi mikononi. Watu wa vijiji hivyo walikuwa na sababu zao. Jeshi linalopita hula, na linachokula ni mavuno ya watu, tena Agosti, nafaka ikiwa ndiyo kwanza imeingia nyumbani. Sababu si udhuru, na mimi sioni haja ya kumtafutia Brites udhuru. Ninachosema ni kwamba ngano imebeba kumbukumbu ya mauaji halisi yaliyofanywa na watu wengi, ikayaweka yote mikononi mwa mwanamke mmoja wa ajabu, na kwa kufanya hivyo ikawafutia hatia wengi kama ilivyowafutia sifa. Kidole cha sita kimebeba vyote viwili.

Ukiangalia masimulizi mengine ya Ureno ya zama hizo utaona kwamba mkate unarudi kila mahali alipo mwanamke mashuhuri, na namna unavyorudi inategemea cheo chake. Isabel, malkia aliyefariki mwaka 1336 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1625, husimuliwa akiwapelekea maskini mikate aliyoificha katika vazi lake wakati wa baridi kali. Mumewe, Mfalme Dinis, anamsimamisha na kumwuliza amebeba nini, naye anajibu kwamba ni maua ya waridi, na vazi linapofunguliwa waridi yanaanguka. Deu-la-deu Martins, mke wa kamanda wa ngome ya Monção, kaskazini kwenye mpaka, husimuliwa jinsi alivyookoa mji uliozingirwa na Wakastilia katika vita vya Mfalme Fernando, miaka ya mwisho ya 1360: akakusanya unga wa mwisho uliobaki, akaoka mikate, akapanda ukutani na kuwatupia wazingiraji, akiwaambia kwamba Mungu ndiye aliyeitoa na kama wanataka zaidi waseme. Adui akaamini mji una chakula tele, akaondoka. Mwanamke mwenye mikate yumo katika nembo ya mji wa Monção hadi leo.

Malkia anautoa mkate sadaka, na Mungu anaugeuza maua. Bibi wa ngome anautupa mkate kwa hila, na hakuna anayekufa. Wa tatu ndiye anayeuoka, na mikononi mwake kifaa cha mkate kinakuwa silaha. Siamini kwamba mgawanyo huu ni wa bahati tu. Wanawake wa juu wamepewa njia za kushinda zisizochafua mikono, wakabaki wazuri na wa kuombewa dua. Yule wa tanuri amepewa damu, na sura iliyoandaliwa ili damu hiyo ifanane naye. Lakini mtu akiuliza ni nani kati ya hao watatu anayeweza kuutengeneza mkate tangu kuni hadi mezani, jibu ni mmoja. Deu-la-deu mwenyewe, tukiacha heshima zake zote, alihitaji mwoka mikate siku ile, na simulizi halimtaji.

Kuna jambo jingine katika jina. Brites ni umbo la zamani la Kireno la jina Beatriz. Kwa hiyo mwanamke ambaye ngano imempa kazi ya kuwafukuza Wakastilia ana jina moja na yule binti wa miaka kumi ambaye ndoa yake ndiyo iliyowaleta. Sisemi kwamba msimulizi wa kwanza alikaa chini akapanga hivyo. Jina lilikuwa la kawaida, na wenye kulibeba walikuwa wengi. Hata hivyo, masimulizi hayabaki na jina kwa karne nyingi bila ya jina hilo kuwafaa wasikilizaji. Wareno wana methali kwamba kutoka Hispania hauji upepo mwema wala ndoa njema, na Beatriz ndiye mfano wake mkubwa. Yeye aliozwa na wengine ili nchi ihamishwe pamoja naye. Yule Brites wa ngano aliyeposwa na askari alidai kupigana naye kwanza. Beatriz hakurudi kutawala Ureno. Mumewe alifariki mwaka 1390, naye akabaki Castilla mjane, na taji lililokuwa haki yake kwa damu likakaa kwa baba yake mdogo. Ninapowafikiria wanawake waliobebeshwa uzito wa mwaka 1385, humfikiria yeye kabla ya mwanamke mwingine yeyote, na hakuna kijiji kilichomchongea sanamu kwa ajili ya alichotendewa.

Ngano iliendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya vita. Mwaka 1580 kile kilichozuiwa Aljubarrota kilitokea hata hivyo: Felipe wa Pili wa Hispania alilitwaa taji la Ureno, na falme hizo mbili zikawa na mfalme mmoja kwa miaka 60. Inasimuliwa kwamba katika miaka hiyo watu wa Aljubarrota walilificha beleshi la Brites ndani ya ukuta, wakalijengea, na wakalitoa baada ya Desemba 1640, Ureno ilipojitenga tena na kupata mfalme wake. Kama ni kweli au si kweli, simulizi hili linatuonyesha kwamba beleshi lilikuwa limekwisha kuwa kitu cha kufichwa, kitu ambacho mtawala angeweza kukiogopa.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunayo alama ya miaka ileile, nasi tunapita kando yake bila ya kuihusisha. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, chini ya amri ya mfalme yuleyule, Felipe, aliyekuwa akitawala Lisbon na Madrid kwa pamoja. Kwa maneno mengine, wakati ukuta mmoja wa Aljubarrota unasemekana kuficha beleshi kwa sababu ya mfalme mgeni, ukuta mwingine ulikuwa ukiinuliwa juu ya bahari ya Mombasa kwa jina la mfalme huyo huyo, na waliousimamia walikuwa Wareno. João wa Kwanza, mshindi wa Aljubarrota, ndiye aliyeongoza uvamizi wa Ceuta, mji wa Afrika Kaskazini, mwaka 1415 akiwa pamoja na wanawe, na mmoja wao, Henrique, ndiye aliyezisukuma meli za Ureno kusini kando ya Afrika. Mwaka 1498 meli za nchi hiyo zikatia nanga Mombasa na Malindi. Taifa lililohifadhi kwa mapenzi makubwa hadithi ya mwanamke aliyekataa kutawaliwa lilikwenda kutawala wengine, na halikuona ugumu wa kuyashika yote mawili. Nalisema hili kwa sababu kuisoma ngano ya Brites kutoka huku kwetu hakuwezi kufanana na kuisoma kutoka Leiria, mji wa Ureno ulio jirani na Aljubarrota, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kumpenda mwoka mikate bila ya kuupenda ufalme uliomchukua kuwa nembo yake.

Maana ufalme ulimchukua kweli. Kila kizazi kilichohitaji kuwakumbusha Wareno kwamba wao si Wahispania kilimrudia, na kila kilipomrudia kilimfanya mzalendo zaidi na maskini kidogo. Umaskini wake, utumwa wake, safari zake za nyumbu, hupunguzwa hadi sentensi mbili katika masimulizi ya watoto, halafu linabaki beleshi na idadi saba. Leo mwanamke mkali asiyeonewa huitwa padeira de Aljubarrota, mara kwa sifa, mara kwa kejeli, na wanaomwita hivyo hawamfikirii mtu aliyewahi kuuzwa sokoni.

Kwa upande wa mabwana, kumbukumbu imewekwa kwa mawe. João wa Kwanza alijenga monasteri ya Batalha kutimiza nadhiri yake ya ushindi, kazi iliyoanza mwaka 1386 na kuendelea kwa zaidi ya karne moja. Unesco iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1983. Katika monasteri ya Alcobaça, iliyo karibu, linaonyeshwa sufuria kubwa linalosemekana kutekwa kutoka kambi ya Wakastilia. Nuno Álvares Pereira aliingia utawa baadaye, na mwaka 2009 Papa Benedikto wa 16 akamtangaza mtakatifu. Penye uwanja wa vita, Nuno mwenyewe alijenga kanisa dogo la Mtakatifu George, na katika kidirisha cha ukuta wake huwekwa mtungi wa maji kwa kumbukumbu ya kiu ya siku ile ya Agosti, ili mpita njia anywe. Ni desturi nzuri, na mimi huipenda kuliko minara yote ya Batalha, kwa sababu inakumbuka mwili: kwamba wapiganaji walikuwa watu, na koo zao zilikauka.

Basi mtu na akumbuke pia njaa yao. Walikuwa wamefunga tangu asubuhi ya tarehe 14, na kesho yake ilikuwa sikukuu ambayo mfungo wake ulikuwa umekwisha. Kwa desturi ya washindi wa zama zile, Mfalme João alikaa uwanjani siku tatu na jeshi lake. Watu elfu kadhaa, majeruhi miongoni mwao, katika nchi ambayo imepitiwa na majeshi mawili, walihitaji mkate usiku ule, na asubuhi, na siku iliyofuata. Tarehe haisemi ni nani aliyeuoka. Matanuri ya vijiji vya jirani yalipaswa kuwashwa, pamoja na lile la ngano ikiwa tunataka kuendelea kulihesabu, na kabla ya kuwashwa yalipaswa kusafishwa, na anayesafisha tanuri huingia ndani kwa magoti na kitambaa kibichi mkononi.